Shimo lilifungwa, nyumba zikabaki

Je, mtu anaweza kununua nyumba nzima sawa anavyonunua shati? Anafungua kitabu cha picha na bei, anachagua, anatuma feza kwa posta, kisha anangoja nyumba yake ifike kwa gari la moshi? Vijana wengi watacheka. Lakini kule Marekani, miaka mia moja na zaidi iliyopita, njo vile familia maelfu na maelfu zilivyopata makao. Na kati yao walikuwa wachimba-migodi, watu wa kambi ya kampuni kama wengi wetu. Nyumba zile nyingi zingali zinasimama, watu wangali wanalala ndani, na wengine wanafanya kazi kubwa kuzitengeneza tena. Habari yao inatugusa sisi wa Katanga kuliko tunavyowaza.

NAMBA JUU YA KILA UBAO

Mwaka 1906, mwaka uleule Union Minière du Haut-Katanga ilipoanzishwa, ndugu wawili William na Otto Sovereign walianzisha kampuni Aladdin katika mji wa Bay City, jimbo la Michigan. Wakati ule walikuwako watu waliouza mashua kwa posta: mbao zimekwisha kukatwa, mnunuzi anaziunga mwenyewe nyumbani. Wale ndugu wakawaza: ikiwa mashua inawezekana, kwa nini nyumba isiwezekane?

Miaka miwili nyuma yake, mwaka 1908, Sears, Roebuck ya Chicago ikaingia katika kazi hiyo. Sears lilikuwa duka kubwa lililouza karibu kila kitu kwa katalogi, tangu sindano mpaka mashine za shamba. Kitabu chake cha kwanza cha nyumba kilikuwa na namna 44 za nyumba. Ndogo kabisa iliuzwa dola 360, na ya bei kubwa dola 2,890. Mwanzoni Sears ilituma mbao ndefu tu, na mnunuzi alikata mwenyewe. Lakini katikati ya miaka ya 1910 ikaanza nayo kukata kila ubao kwa mashine na kuupiga mhuri wa namba. Sears iliendelea mpaka mwaka 1940, na wenye kuchunguza wanahesabu kwamba iliuza nyumba zaidi ya 70,000. Aladdin nayo haikuwa nyuma, tena iliishi zaidi: ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kulikuwa na kampuni zingine pia, kama Gordon-Van Tine ya mji wa Davenport, na Montgomery Ward ya Chicago.

Nyumba ilifika stesheni ndani ya vagoni moja ao mbili. Fikiri vizuri: vipande vingine vilifika 30,000! Mbao za sakafu, za kuta na za sharpanti, milango, madirisha yenye vioo, ngazi, vitasa, mamia ya kilo za misumari, hata kopo za rangi. Pamoja na hayo kilikuja kitabu cha maelezo chenye kurasa 75 hivi. Baba wa nyumba, ndugu zake na majirani walibeba vyote kwa magari ya farasi mpaka kwenye lupango, wakasoma, wakaunga. Wengine waliita seremala, wengine hapana. Sears ilidai kwamba nyumba moja iliyokatwa tayari ilimaliza saa 352 za seremala, na nyumba ileile ikikatwa kwa mkono ilimaliza saa 583. Ni maneno ya mwenye kuuza, lakini kila seremala anajua kwamba msumeno ndio unaokula siku.

Aladdin ilikuwa na mayele ya kuvuta watu. Iliahidi kulipa dola moja kwa kila jicho la mti ambalo mnunuzi atalipata ndani ya mbao zake za ukuta. Wakati ule dola moja ilikuwa feza ya kweli.

Kitu kimoja kampuni hazikutuma: mawe, matofali na simenti ya msingi. Hayo mnunuzi alitafuta mwenyewe kwao, kwa sababu uzito wake ungekula faida yote ya safari. Basi Sears ikauza tena mashine ndogo iliyoitwa Wizard, ya kufyatua matofali ya simenti kwa mikono. Sisi hapa tunajua kazi hiyo. Ni nani katika mitaa yetu hajaona vijana wanafyatua matofali, moja moja, na kuyaanika?

Msiwaze kwamba kutuma jengo kwa vipande ni jambo la Amerika peke yake. Hata hapa kwetu, kule Boma karibu na bahari, kuna kanisa la kale la chuma. Vipande vyake vilitengenezwa Ubelgiji, vikaletwa kwa meli, na kanisa likasimamishwa karibu na mwaka 1890. Watu waliosali ndani yake siku za kwanza walisali ndani ya nyumba iliyotoka katika sanduku.

KAMBI YA WACHIMBA-MAKALA

Sasa tufike kwenye mgodi. Mwaka 1918 kampuni ya mafuta, Standard Oil ya Indiana, ilihitaji makala ya mawe mengi. Ni makala yaleyale tuliyochimba Luena, si makala ya kuni ya mama zetu. Ilifungua mashimo katika jimbo la Illinois, karibu na mji mdogo wa Carlinville na mahali panapoitwa Schoper. Lakini wachimbaji watalala wapi? Nyumba zilikuwa chache. Kampuni ikaandikia Sears na kuagiza nyumba 192 mara moja, bei yake dola milioni moja hivi. Nyumba 156 zilikuwa za Carlinville, 24 za Schoper, na 12 za Wood River, penye kiwanda cha kusafisha mafuta.

Pale Carlinville walijenga mtaa mzima wenye vipande tisa vya barabara, na namna nane za nyumba. Kila namna ilikuwa na jina katika katalogi. Moja iliitwa Carlin, kwa heshima ya mji. Kazi yote ilisimamiwa na mwanamke, Elizabeth Spalding. Kila siku alipanda farasi na kuzunguka kutoka nyumba moja kwenda nyingine, akichungua kazi ya maseremala. Hata leo watu wa kule wanamwita bibi wa juu ya farasi. Wasichana wanaosoma gazeti hili na kuambiwa kwamba kazi ya ujenzi si yao, mnaweza kumtaja huyo.

Kwa nini kampuni ilifanya hivyo? Si kwa upendo tu. Mchimbaji aliye na mke, watoto, jiko na dirisha lenye pazia hakimbii kazi upesi. Hapa kwetu Union Minière ilifika kwenye wazo lilelile mwishoni mwa miaka ya 1920, ilipoanza kuwaita wafanyakazi waje na wake zao na kukaa miaka. Wazee wetu walipewa nyumba, poso, maternite na shule. Vilikuwa vitu vizuri, na tunavikumbuka. Lakini ufunguo wa nyumba ulikuwa mfukoni mwa kampuni. Kazi ikikwisha, nyumba nayo ina maneno.

Kule Carlinville maneno yalikuja mapema. Katikati ya miaka ya 1920 makala ya mahali pengine yalikuwa na bei ndogo, kampuni ikaona heri kununua kuliko kuchimba. Mashimo yakafungwa. Mtaa ambao haukuwa na miaka kumi ukabaki na nyumba nyingi tupu, majani yakaota mbele ya milango. Wachimbaji walikwenda kutafuta kazi kwingine. Kule Schoper nyumba ziliondolewa, na kambi ikakwisha kabisa. Yule ambaye ameona kambi yenye shimo lililofungwa hahitaji kuelezwa zaidi.

Katika miaka ya 1930, wakati wa shida kubwa ya feza duniani, nyumba za Carlinville ziliuzwa kwa bei ndogo sana kwa yeyote aliyeweza kulipa kidogo kidogo. Na hapa njo penye siri ya habari hii yote. Kwa mara ya kwanza mtu wa ndani ya nyumba alikuwa mwenye nyumba. Manjanja yakitoboka, hakuna mahali pa kwenda kuandikisha na kungoja fundi wa kampuni. Mwenyewe anapanda. Leo karibu nyumba zote za ule mtaa zingali zinasimama, na shimo la makala halina tena kazi miaka mia hivi.

MKOPO ULIOGEUKA

Haifai tusifu bila kusema upande mwingine. Tangu mwaka 1911 Sears ilianza kukopesha feza ya nyumba. Baadaye masharti yalikuwa mepesi sana: maulizo machache juu ya karatasi, na nyumba inatumwa. Watu wengi walifurahi. Lakini mwaka 1929 biashara ya Marekani ilianguka, viwanda vikafunga, wanaume wakakosa mishahara. Sears ikajikuta inanyang'anya nyumba kwa watu walewale waliokuwa wanunuzi wake wa viatu na vyombo. Mwaka 1934 iliacha kukopesha na kufunga hesabu ya mikopo ya dola milioni 11 hivi. Fikiri baba aliyebeba kila ubao kwa bega lake, akapiga kila msumari, kisha anatolewa inje. Deni jepesi kuingia si jepesi kutoka. Wenye kuingia likelemba bila kuhesabu wanajua.

Mkubwa wa Sears kwa miaka mingi, Julius Rosenwald, ana habari nyingine ambayo haifai kuiacha, hata kama si ya nyumba za posta. Pamoja na Booker T. Washington, mwalimu mweusi mashuhuri, alianza kusaidia kujenga shule za watoto weusi wa kusini ya Marekani, ambao serikali iliwanyima shule nzuri. Mpaka mwaka 1932 majengo zaidi ya 5,000 yalisimama. Rosenwald hakutoa yote. Alitoa sehemu, na ramani ya jengo. Wazazi weusi, wengi wao wakulima maskini, walitoa feza zao, mbao na nguvu zao. Parokia nyingi hapa kwetu zilijengwa kwa namna hiyohiyo.

NAMNA YA KUITAMBUA NA KUIPONYA

Sears ilipoacha kuuza nyumba, haikuchunga vizuri karatasi za wanunuzi, na nyingi zilipotea. Kwa sababu hiyo watu wengi wanaokaa ndani ya nyumba hizi hawajui. Tena wengine wanajisifu kwamba wanayo nyumba ya Sears, kumbe ni ya Aladdin ao imejengwa na fundi wa mtaani tu. Karatasi za Aladdin zilipata bahati: zinatunzwa kwenye chuo kikuu cha Central Michigan. Mwaka 1986 Katherine Cole Stevenson na H. Ward Jandl walichapisha kitabu chenye picha na ramani za nyumba za Sears, na tangu wakati huo watu wanashika kitabu mkononi na kuzunguka mitaani wakilinganisha.

Lakini picha inaweza kudanganya, maana kampuni ziliigana. Mwenye nyumba shurti ashuke chini ya sakafu ao apande juu ya plafondi na taa mkononi. Anatafuta karibu na mwisho wa kila mti mkubwa: herufi moja na namba, zimepigwa kwa wino. Zile namba ndizo zilizomwonyesha baba wa kwanza ubao gani uunge na upi. Anatafuta tena nyuma ya mbao za kupamba milango, mahali ambapo karatasi ya kutuma mzigo inaweza kuwa imebaki. Mwishowe anapima vyumba vyote na kulinganisha na ramani ya katalogi. Kama urefu haulingani, basi, asilazimishe.

Kisha kutambua, kazi inaanza. Na wenye kuijua wanasema jambo ambalo litawashangaza vijana: usianze kwa kutupa. Mbao za wakati ule zilitoka katika miti mizee iliyokomaa polepole, mistari yake imebanana. Mbao za kuta za inje mara nyingi zilikuwa za mti uitwao sipresi, ambao hauozi upesi. Dirisha la zamani linaloteleza juu na chini lina kamba na uzito wa chuma uliofichwa ndani ya ukuta. Kamba ikikatika, watu wanalaani dirisha lote na kununua la plastiki. Lakini kamba ni franka kidogo, na mastiki ya vioo vilevile; fundi mwenye subira anamaliza dirisha moja kwa siku moja. La plastiki likiharibika halitengenezwi, linatupwa.

Adui mkubwa wa nyumba ya mbao si miaka bali ni maji. Kwa hiyo wanaanza juu, kwenye dari la inje na mifereji ya mvua, ndipo wanakuja kwenye kuta, na rangi nzuri ya sebuleni ni ya mwisho. Yule anayepaka rangi huku manjanja yanavuja anapaka mara mbili. Baraza nalo linaumiza wengi. Nyumba hizi zilikuwa na baraza la mbele, ambapo familia ilikaa jioni na kusalimia wapitao. Miaka ya nyuma watu waliziba baraza wapate chumba kimoja zaidi. Leo wanaozirudisha wanabomoa ule ukuta, wanatafuta picha ya katalogi na kuchonga nguzo mpya sawasawa na za kwanza. Mimi ninaona wana haki, ingawa ninamwelewa pia mama mwenye watoto wanane aliyeziba baraza. Katalogi haikumjua yeye.

Nyaya za umeme za siku zile, zilizopita juu ya vidude vya udongo mweupe, shurti zitazamwe na mwenye kujua umeme. Hazikupangwa kwa friji na feri nyingi kama za leo.

MAVUMBI YANAYOUA POLEPOLE

Kuna jambo moja tunaomba kila mzazi alisome mara mbili, kwa kuwa linahusu nyumba zote za zamani, si za Marekani tu. Rangi za zamani zilitiwa plombi, yaani risasi. Marekani ilikataza rangi hiyo katika nyumba mwaka 1978. Ukikwangua rangi kavu ao kuipiga msasa, inakuwa mavumbi; ukiichoma, inakuwa moshi. Mtoto mchanga anayatambaa, anaweka vidole kinywani, na plombi inaingia damuni na kuharibu akili yake. Haonekani mgonjwa. Anachelewa tu kusema, anashindwa masomo, na watu wanasema ni mvivu. Sisi tunaoishi katika nchi ya mashaba na mavumbi ya migodi hatuna haja ya kuongeza mengine.

Basi mafundi wa nyumba hizi wanalowesha rangi kwa maji kwanza, wanatandika plastiki chini, wanawaondoa watoto na mama wenye mimba, na wanapangusa kwa kitambaa chenye maji. Hawafagii kwa ufagio mkavu. Nguo za kazi hazifuliwi pamoja na za watoto. Hakuna hata moja ya hizo inayoomba feza nyingi. Nyumba za zamani za kampuni hapa kwetu zimepakwa rangi juu ya rangi kwa miaka mingi. Heri kuzitengeneza kwa namna hiyohiyo.

Vilevile kwa zile bati ngumu za simenti zenye amianti, ambazo wengi wanaita eterniti. Marekani zilipigiliwa juu ya kuta za mbao nyingi. Zikikaa bila kuvunjika, ni heri zikae. Usizikate kwa msumeno, usizitoboe, wala usiwape watoto vipande vyake kuandikia.

NYUMBA ZILIZOVUKA BAHARI

Mwaka 1917, wakati wa vita, kiwanda cha Austin kule Longbridge, karibu na Birmingham, Uingereza, kilikuwa na wafanyakazi wengi waliotengeneza silaha na magari ya vita. Walikosa mahali pa kulala. Bwana Herbert Austin akaandikia Aladdin ya Bay City na kununua nyumba 200 za mbao za mwerezi. Zilipakiwa melini na kuvuka Atlantiki wakati manowari za Wajerumani zilikuwa zinawinda meli chini ya maji. Kisha vita, kiwanda kiliendelea na kuwa kati ya viwanda vikubwa vya magari kule Uingereza, na maelfu ya watu walikula mkate wake.

Mwaka 1997 mji wa Birmingham uliweka ule mtaa wa mbao chini ya ulinzi: mwenye nyumba hawezi kubadilisha sura ya nyumba namna anavyotaka, shurti aombe ruhusa. Wakati ule hakuna aliyeweka kiwanda chenyewe chini ya ulinzi. Mwaka 2005 kampuni iliyokuwa nacho ilianguka, na maelfu wakapoteza kazi. Upande wa pili wa barabara, nyumba za mbao zilizokusudiwa kwa ajili ya siku za vita tu zina watu ndani, na maua mbele ya mlango.